Fimbo Katika Maharagwe

Wa kwanza kumjua Fundi pale mtaani kwetu Katuba alikuwa jogoo wetu. Mimi nilikuwa nimeolewa juzijuzi, sikujua hata jina la jirani wa kushoto, lakini jogoo alikuwa tayari ameshazijua ndala za Fundi, zile za mpira wa gari, zilivyokuwa zikiburuza mchanga. Akizisikia tu, anaacha mahindi yake na kukimbilia nyuma ya choo. Nilidhani ana ugonjwa. Siku ya tatu nikatoka kuangalia, nikamkuta mzee mmoja mwembamba amesimama uani kwangu, kofia mkononi, sindano tano zimechomekwa kwenye ukosi wa shati.

"Jambo, mama. Minakuya kuona mukubwa," akasema.

Nikamwambia mume wangu yuko kazini, kwenye tanuru la kampuni.

"Hapana, haiko yeye. Ule wa majivu." Akaelekeza kidole nyuma ya choo. "Minaomba manyoya tatu tu. Ya shingo. Mama aliyekuwa hapa mbele yako alikuwa ananipa."

Nikamshika jogoo, naye akachagua. Alichukua muda mrefu kuliko mwanamke anayechagua kitenge. Alipulizia manyoya ya shingo yafunguke, akaitazama mizizi yake, akang'oa moja, akang'oa la pili, akamwomba jogoo radhi kwa Kiluba, akang'oa la tatu. Kesho yake nilikuta pindo la gauni langu la kazi, lililokuwa limechanika tangu harusi, limeshonwa. Alikuwa amelichukua kwenye kamba ya kuanikia na kulirudisha bila kuniambia. Sikufurahi. Nilifikiri mtu huyu ana mazoea mabaya, na kwa kweli alikuwa nayo.

Jina lake nalijua. Sitaliandika, kwa sababu watoto wake wako hai na sikuwaomba ruhusa, na kwa sababu pale mtaani hakuna aliyelitumia. Alikuwa Fundi. Alizaliwa wapi, na nani, alifikaje Katanga, hayo watayasema wengine. Alikuwa mtu wa Kasai, kama nusu ya majirani zetu, na sisi tuliozaliwa hapahapa hatukuliona hilo kuwa jambo, mpaka siku lilipofanywa kuwa jambo.

Kazi yake ilikuwa kushona nguo. Mashini yake ilikaa kwenye barza ya nyumba yake, ng'ambo ya njia, mlango wake ukitazamana na wangu. Lakini manyoya ya jogoo wangu hayakuwa ya nguo. Yalikuwa ya tududu, vijidudu vya bandia vya kuvulia samaki.

Kadudu kamoja kalikuwa kadogo kuliko punje ya mchele. Anachukua ndoano ndogo, ndogo kiasi kwamba mimi nilikuwa siioni mpaka ing'are juani. Anaibana kwenye mguu wa mashini ya kushona, pale sindano inaposhukia, kisha anaizungushia uzi mweupe, anafunga unyoya, anauzungusha na wenyewe, anakata. Mwisho anapaka tone la nta ya mshumaa. Ukikaangalia kwa mbali unaona mdudu mchanga ambaye ndiyo kwanza ametoka majini. Ukikaangalia kwa karibu unaona jogoo wetu.

Aliyemfundisha alikuwa mzungu mmoja, injinia, ambaye Fundi alimfanyia kazi za nyumbani kabla ya kupata mashini yake. Mzungu huyo alitoka pwani moja ya baridi huko kwao. Alimhadithia Fundi kwamba kuna samaki wanaitwa arengi, wa rangi ya fedha, wengi kuliko watu wa soko, na kila mwaka majira fulani yakifika wanakuja karibu na nchi kavu, wote pamoja. Watu wa kwao huwavua kwa nyavu, lakini yeye na baba yake waliwavua kwa fimbo nyepesi na tududu tweupe, mmoja mmoja, kwa sababu waliona raha. Hapa alipokuja, hakukuwa na bahari. Akamchukua Fundi wakaenda mto Kafubu, wakatafuta samaki wadogo wanaong'aa, wanaotembea kwa makundi, wanaokula juu juu jioni inapokaribia. Wakawapata. Mzungu akasema hawa siyo arengi ila inatosha.

Vurugu za uhuru zilipoanza, mzungu alifunga masanduku mawili na kuondoka asubuhi moja, akamwachia Fundi fimbo yake.

Ilikuwa fimbo ya mwanzi uliopasuliwa vipande vyembamba na kugundishwa tena, halafu ikapakwa vanishi. Ilikuwa na sehemu tatu zinazoingiana kwa pete za shaba. Nyuzi zake za zamani, zile zinazoshikilia vijipete ambamo uzi wa kuvulia hupita, zilikuwa zimechakaa. Fundi alizitoa zote na kuzizungusha upya kwa hariri nyekundu iliyobaki kwenye gauni la arusi la mtu. Alikuwa bahili wa uzi kuliko binadamu yeyote niliyemjua. Alikuwa akifumua nguo kuukuu na kuurudisha uzi kwenye kibiringo, na ukimwambia uzi mpya upo dukani anakuuliza, "Na huu ulikosa nini?" Kwenye fimbo ile hakubania kitu. Alizungusha kila mzunguko ukibanana na mwenzake mpaka ukipitisha kidole husikii mahali ulipoanza.

Mtaani samaki wake tukawaita arengi ya Fundi. Watoto wengi wa njia ile walikua wakiamini kwamba arengi ni samaki wa Kafubu.

Yeye mwenyewe hakula samaki. Hili lilimshangaza kila mtu. Alikuwa anarudi na samaki hamsini, sitini, wa urefu wa kidole cha kati, kwenye ndoo ya rangi iliyooshwa, anapita mlango kwa mlango akigawa, kisha anakaa kwake na kula nshima, ugali wa kwao, na majani ya mihogo. Mke wake, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, alikuwa anamsimanga wazi wazi: "Muangalie! Analoba samaki, chakula ya bengine!" Fundi anajibu kwamba samaki wananuka. Mke anamuuliza mikono yake basi inanukaje. Fundi anainua mikono na kuinusa, anafikiri, anasema, "Inanuka kazi."

Watu wa kanisa lake nao walikuwa na lao, maana alikuwa akivua Jumapili. Mchungaji alikuja kumsema, akaketi barzani, akaanza mbali. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akashona kifungo cha koti la mchungaji kilichokuwa kinaning'inia, akampa arengi kumi kwenye jani. Jumapili iliyofuata alikwenda mtoni kama kawaida. Lakini sala ya chakula ilikuwa lazima kwake, na aliwahi kumrudisha mteja aliyetukana mbele ya mashini, suruali ya yule bwana ikiwa na mguu mmoja tu uliokwisha kushonwa.

Nilimwona akivua mara moja tu. Mimi na mke wake tulikwenda Kafubu kufua mablanketi, yeye akasimama juu yetu kidogo, pale maji yanapojikunja. Nilitegemea kuona nguvu, kama wavuvi wengine wanavyorusha. Hakukuwa na nguvu. Mkono ulikwenda nyuma, ukangoja, ukaja mbele, na uzi ukaanguka juu ya maji bila sauti, na tududu tutatu tukashuka. Kisha mkono wa kushoto ukaanza kuvuta uzi kidogo kidogo: vuta, acha, vuta, acha. Nikamwambia mke wake, si anashona? Mama akacheka mpaka blanketi likamtoka.

Fundi akaniita. "Mama Odile, kuya ushike."

Odile alikuwa tumboni bado, lakini yeye alikuwa ameamua kwamba ni msichana na jina amempa. Nilikwambia alikuwa na mazoea mabaya. Nikashika fimbo. Ilikuwa nyepesi, sikuamini.

"Sasa usikamate na nguvu. Akikuya, usivute na kasirani. Kinywa yake ni karatasi, itapasuka. Unamusikia tu, halafu unakuya naye polepole."

Nikavuta, nikaacha. Nikavuta. Halafu kitu kidogo, kilicho hai, kikatetemeka huko mbali, na mtetemo ule ukapanda kwenye uzi na kwenye mwanzi mpaka kiganjani mwangu. Nilipiga kelele. Nikavuta kwa nguvu, na bila shaka samaki akaenda zake. Fundi hakukasirika. Alisema wakija wanakuja wote, na wakiondoka wanaondoka wote, tungoje. Tulingoja mpaka mablanketi yakakauka, hawakurudi.

Sasa lazima nieleze habari ya bendera, nayo siipendi.

Katanga ilipotangazwa kuwa nchi peke yake, palihitajika bendera nyingi kwa haraka, na mafundi wote wa Katuba walipewa vitambaa: nyekundu, nyeupe, kijani, na misalaba mitatu ya rangi ya shaba. Fundi alishona nyingi kuliko wote. Misalaba ya wengine ilipinda. Yake ilinyooka, kila ncha imepinduliwa na kufichwa, hata nyuma huoni fundo. Nilimuuliza, yeye mtu wa Kasai, haoni shida? Watu walikuwa wameshaanza maneno. Akasema, "Musalaba ni musalaba. Ukishonwa mubaya unatia aibu fundi, hautii aibu serikali." Mume wangu aliposikia alisema mzee huyu hana akili. Mimi nilidhani anaogopa na hataki kusema. Leo nafikiri hakuogopa wala nini. Alipenda tu kona zikae sawa.

Baadaye maneno juu ya watu wa Kasai yakawa mawe. Sitaki kueleza jinsi ilivyokuja, maana niliyekuwapo mwenyewe sikuiona ikija. Naweza kusema tu jinsi mimi nilivyokuwa. Unajua ukilala juu ya mkono wako, ukaamka, ukaushika na mkono mwingine, unaona ni mkono wa mtu? Nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilimnyonyesha Odile, nilipika ugali wa bukari, nilifagia. Nyumba ya pili kutoka kwetu, ya watu wa Kasai, vijana walitoa vitu nje na kuvichoma, nami nikakumbuka kuanua nguo zisipate moshi. Sikulia. Mume wangu alisema, "Usijiingize," na sikujiingiza. Haikuwa kazi ngumu. Ganzi haikuhitaji nguvu yoyote.

Watu wa Kasai wakaanza kuhamia kwenye uwanja wa wazi nje ya mji, ambako askari wa kigeni wenye kofia za buluu waliwalinda. Wakawa wengi mno. Siku ya Fundi ilifika mchana, saa nane hivi. Lori lilisimama mwisho wa njia. Mke wake alipanda na godoro. Mashini ya kushona ilipanda ikiwa imefungwa kwenye shuka. Fundi akavuka njia kuja kwangu, amebeba mfuko mrefu wa kitambaa.

"Mama Odile. Hii haiwezi kupita na miye. Vijana banasimamisha magari kwenye barabara. Bataona kintu murefu, batasema bunduki, na mbele ya kufungua bashapiga."

"Niweke wapi, Baba Fundi?"

"Pahali pakavu. Hiyo tu. Maji njo adui yake." Akatoa mfukoni kopo la bati la tumbaku, lile la tududu, akalitikisa sikioni mwangu ili nisikie liko na vitu. "Hii minaenda nayo. Weye uko na fimbo, miye niko na tududu. Vile nitarudia. Muntu hawezi kuacha nusu ya kintu."

"Utarudia," nikasema.

"Kama fimbo iko, nitarudia."

Hakunishika mkono. Alikwenda, ndala zake zikiburuza mchanga, na jogoo akakimbilia nyuma ya choo.

Kesho yake vijana walianza kupita nyumba kwa nyumba kutafuta watu waliofichwa na vitu walivyoacha. Niliwasikia kwa jirani. Fimbo ilikuwa chini ya kitanda, na chini ya kitanda ndipo kila mtu anapoangalia kwanza. Nyuma ya nyumba, miti ya kupandishia maharagwe ya msimu uliopita ilikuwa bado imesimama, kama arobaini hivi, mikavu. Nilizitoa zile sehemu tatu kwenye mfuko. Nikazisimika ardhini katikati ya miti mingine. Pete za shaba na ile hariri nikazipaka tope. Mfuko nikaukata na kumfungia mtoto kama nepi.

Vijana waliingia. Mmoja alikuwa mtoto wa dada wa mchungaji.

"Ule Fundi hakukuachia kintu, mama?"

"Atuachie nini? Hata manyoya ya jogoo alikuwa anakuya kuomba kwetu."

Wakacheka, hata mimi nilicheka. Wakaangalia chini ya kitanda. Wakapita bustanini, mmoja akaegemea mti wa maharagwe, jirani kabisa na hariri nyekundu ya Fundi iliyotapakaa tope, akaomba maji ya kunywa. Nikampa. Wakaenda.

Nilijiona mwerevu. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu lilikuwa karibu kitu pekee nilichokisikia moyoni mwezi ule.

Mvua zilipoanza nilipanda maharagwe. Kila mwanamke wa Katanga anajua mambo ya mchwa. Anajua kwamba mti uliosimikwa hapa hauna msimu wa pili, na ndiyo sababu tunakata miti mipya kila mwaka na ile ya zamani tunaichoma. Nilijua. Nilizaliwa nikiwa najua. Kila asubuhi nilipita pale na maji ya kuosha sufuria, nikaona maharagwe yanapanda kwenye fimbo ya Fundi, yakijizungusha juu ya nyuzi zake, na nikajiambia nitaitoa leo. Hatari ilikuwa imepungua. Vijana walikuwa wameacha kupita. Kuing'oa ingenichukua muda wa kuhesabu mpaka kumi. Nilipita hivyo siku zote za mvua.

Watu wameniuliza, na mimi nimejiuliza, kwa nini. Ningeitoa, ningekuwa na fimbo ya Fundi mikononi, na ningelazimika kufikiri Fundi yuko wapi.

Baridi ilipoanza, habari zilienea kwamba watu wa kambi watapelekwa Kasai kwa treni. Nilimng'oa jogoo manyoya sita, nikayafunga kwenye karatasi, nikamwambia mume wangu nakwenda kwa shangazi. Nilitembea mpaka kambini. Sitasema mengi juu ya kambi ile. Vibanda vya magunia na maboksi, moshi, na harufu. Nilikaa kwenye waya wa uzio nusu siku nikiulizia, nikiogopa watu wa ndani kwa kuwa mimi ni wa nje, nikiogopa watu wa nje kwa kuwa nimesimama pale. Mwishowe akaletwa.

Alikuwa amekonda, lakini sindano zilikuwa kwenye ukosi. Mashini ilikuwa inafanya kazi humo ndani. Alikuwa anashona mifuko ya kubebea vitu vya safari. Nilimpitishia karatasi kwenye waya. Akaifungua, akapulizia manyoya yakafunguka.

"Mukubwa iko?"

"Iko. Anazeeka."

"Odile?"

"Anatembea."

Akayarudisha manyoya kwenye karatasi, akakunja pembe nne sawasawa.

"Na fimbo iko?"

"Iko."

"Iko pakavu?"

Nyuma yake kulikuwa na kelele, mtu alikuwa anaitwa. Nilisema, "Iko pakavu, Baba Fundi."

Uso wake ulilegea. Alisema wangeondoka baada ya siku nne. Akasema mke wake anasema wakifika hawarudi tena, lakini wanawake wanasema mengi. Akanishukuru kwa heshima, kwa maneno marefu, kama anayemshukuru mtu aliyemtunzia mtoto.

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja bustanini, bila kuweka kitambaa cha kichwa chini. Maharagwe yalikuwa yameshavunwa, kamba zake zimekauka juu ya fimbo. Nikaishika ile sehemu nene, ya kushikia. Vidole vyangu vikaingia ndani. Nje palikuwa vanishi, ndani palikuwa udongo. Mchwa walikuwa wamekula mwanzi wote, wakaacha ngozi ya nje tu, nyembamba kama ganda la kitunguu. Hariri ya Fundi hawakuigusa. Mizunguko yote ilikuwa mahali pake, imeshikilia kitu ambacho hakipo.

Nilivitoa vipande kwa uangalifu nikavifunga kwenye kanga ya zamani. Zilikuwa zimebaki siku nne. Siku ya kwanza nilifua. Siku ya pili nilimpeleka Odile kupimwa uzito. Siku ya tatu nilisonga, nilipika, nilifagia. Siku ya nne nilisikia honi ya treni kutoka upande wa stesheni, nikasema moyoni, basi wameenda. Kambi ilikuwa mwendo wa saa mbili tu. Nilikuwa na miguu.

Katanga ikarudi kuwa Kongo. Bendera zilishushwa, nilimwona mama mmoja sokoni akimbeba mtoto kwa moja yao, na msalaba ulionyooka mgongoni mwake nikaujua ni wa nani. Nyumba ya Fundi ilikuwa na watu wengine, familia iliyokimbia vita ya kaskazini, kutoka Mitwaba, watu wapole wasiojua chochote. Jogoo wa majivu tulimla mwaka wa njaa. Nilimtoa manyoya ya shingo kwa maji ya moto, nikayatupa.

Alirudi siku ya Jumanne, asubuhi, wakati wa kufagia. Nilizisikia ndala. Nilikuwa na jogoo mwingine, mtoto wa yule wa zamani, ambaye hakuwahi kumwona Fundi maishani mwake. Aliendelea kula mahindi.

Nilimpa kiti. Nilimpa maji. Aliuliza habari za mume wangu, za Odile, za kila nyumba ya njia ile, na mlango wake wa zamani akautazama mara moja tu. Amefikia kwa shemeji yake, mtaa wa Kamalondo, akasema. Amekuja peke yake. Safari ilikuwa ya wiki tatu. Kisha akatoa lile kopo la tumbaku, akaliweka gotini.

"Bon, Mama Odile. Nusu yangu iko hapa."

Niliingia ndani nikatoka na ile kanga. Nilikuwa nimepanga maneno miaka miwili. Nilimwekea mapajani. Akaifungua taratibu, pembe moja moja.

Alipitisha kidole juu ya nyuzi zake, zote, kutoka chini mpaka juu, na vanishi ikawa inamomonyoka chini ya kidole.

"Muchwa," akasema.

"Ndiyo, baba. Niliisimamisha kwenye maharagi. Balikuwa banatafuta kwenye nyumba."

"Ilikuwa akili muzuri."

"Halafu niliiacha."

Akatikisa kichwa kwamba amesikia. "Ulijua siku gani?"

"Siku ile nilikuona kwenye waya. Nilirudia, nikaangalia, nikajua. Treni ilikuwa bado siku ine."

"Na haukukuya."

"Sikukuya."

Wale watoto wa Mitwaba walikuwa wanaruka kamba mbele ya barza yake. Akawaangalia.

"Muke yangu alinikatalia kurudia," akasema. "Ile wakati yote: fimbo gani, fimbo gani, unaendea muti? Nikamwambia iko pakavu, Mama Odile alisema. Kama ungenifuata kule kuniambia imekwisha, nisingerudia hapa."

Nilingoja aseme kama hilo lilikuwa zuri au baya. Yeye akatoa sindano moja kwenye ukosi, akainamia kipande kinene, akatafuta kwa ncha yake mahali hariri ilipoanzia, pale ambapo yeye mwenyewe alipaficha pasionekane. Alipapata. Akaanza kuufumua. Mzunguko kwa mzunguko uzi mwekundu ukatoka, akauzungushia kwenye kopo la tumbaku, na kila ulipotoka, fimbo ikawa vumbi na kuanguka juu ya miguu yake. Alifumua yote. Ilichukua muda wa chungu cha maharagwe kuchemka. Akauvuta uzi kati ya mikono miwili kuupima.

"Uzi iko muzuri," akasema. "Matete iko mingi kule Kafubu. Tutakata." Akapangusa suruali. "Jogo ule hamukuuza?"

"Tulimula, baba. Hii ni mutoto yake."

"Iko na shingo ya baba yake. Mushike."

Nilikwenda nikamkamata jogoo. Nikapiga magoti mbele ya Fundi nikiwa nimembana kifuani, na yeye akainama, akapulizia manyoya yakafunguka. Chini ya kiganja changu moyo wa jogoo ulikuwa unapiga haraka haraka, kitu kidogo, kilicho hai, kinatetemeka. Hapo nikaanza kulia. Sikuwa nimelia tangu lile lori, wala kabla yake, na sasa nilishindwa kunyamaza, nililia kwa sauti mpaka watoto wa Mitwaba wakaacha kamba yao, na mikono yangu ikaanza kulegea.

"Shika muzuri, Mama Odile," Fundi akasema, akichagua. "Ataruka."